Mzee aje darasani au watoto waende kwake? Ulinganisho wa njia za kufundisha mazingira kupitia wazee Weusi na Wenyeji Asilia wa Marekani

Vikundi vya watoto vinavyoongozwa na wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani, viwe vya kanisa, vya msikiti au vya jumuiya za Wakongo, Warundi na Wazigua waliotokea Somalia, hufikia wakati ambapo kiongozi huulizwa na wazazi atawafundishaje watoto habari za misitu, mito na viumbe wa nchi wanayokulia. Jibu la haraka ni kuwapeleka kwenye kituo cha mazingira kilicho karibu, ambako kijana mwenye kofia atawaonyesha ndege kwa darubini na kuwapa karatasi ya kujaza. Hakuna ubaya katika hilo. Ila elimu ya namna hiyo ina picha yake ya mtu anayependa maumbile, na kwa muda mrefu picha hiyo imekuwa ya Mzungu mwenye viatu vya bei ghali anayepanda mlima ili apumzike na makelele ya mji. Bibi anayevua samaki ukingoni mwa mto kwa ajili ya mboga ya jioni hamo katika picha hiyo, wala babu anayejua nyasi za kusukia zivunwe mwezi gani.

Kuachwa nje huko hakukutokea kwa bahati mbaya. Eneo la Lewis Mountain katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, Virginia, lilifunguliwa mwaka 1939 likiwa limetengwa kwa ajili ya Weusi, ili wasichanganyike na wageni wengine. Kule Florida fukwe nyingi zilikuwa zimefungwa kwao kabisa, na ndiyo sababu mwaka 1935 kampuni ya bima ya Weusi iliyoongozwa na Abraham Lincoln Lewis ilipata ardhi katika kisiwa cha Amelia na kuanzisha American Beach, ufuo ambao familia Nyeusi ziliweza kuogelea bila kufukuzwa. Tena katika majimbo ya kusini msitu si mahali pa mapumziko tu. Ni mahali ambapo watu walikimbizwa na mbwa na kunyongwa juu ya miti. Wazee wa leo ama waliyaona mambo ya ubaguzi wenyewe ama walilelewa na walioyaona, na kiongozi asiyelijua hilo atadhani kwamba familia inayomkatalia mtoto wake kulala kambini porini ni familia isiyojali mazingira.

Basi swali si kama wazee washirikishwe, bali washirikishwe kwa njia ipi. Ninalinganisha hapa njia nne zinazotumika: kumwalika mzee darasani, kwenda mahali penye historia ya wazee, kujifunza kazi ya mikono chini ya mzee, na kuwageukia wazee wa jumuiya yetu wenyewe waliomo bustanini. Bei nitaitaja, lakini kipimo changu kikuu ni kingine, nacho ni nani anayeamua somo liwe nini.

Mfano wa Betty Reid Soskin unakieleza kipimo hicho vizuri. Mama huyo alizaliwa mwaka 1921, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa karani katika tawi la chama cha wafanyakazi lililotengwa kwa ajili ya Weusi. Miaka mingi baadaye alihudhuria vikao vya kupanga hifadhi ya kihistoria ya Richmond, California, inayowakumbuka wanawake waliofanya kazi viwandani wakati wa vita. Aliona mara moja kwamba majengo yaliyokusudiwa kuonyeshwa yalikuwa majengo ya ubaguzi, na kwamba kati ya waliokuwamo chumbani ni yeye tu aliyekuwa na sababu ya kulikumbuka jambo hilo. Alilisema, historia ya Weusi ikaingia katika mpango, na yeye mwenyewe akaja kuvaa sare ya mhifadhi akiwa amekwisha kupita miaka 80, hata akastaafu mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Lau angealikwa baada ya mpango kukamilika, angepewa dakika chache za kusimulia ujana wake, angepigiwa makofi, na hifadhi ingebaki vilevile kama ilivyochorwa.

Kumwalika mzee darasani

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa kipimo nilichokitaja ndiyo dhaifu kuliko zote. Gharama yake ni ndogo, haihitaji basi wala ruhusa za wazazi, na yafaa kwa watoto wadogo wasioweza safari ndefu. Lakini mara nyingi mwalimu huwa amekwisha kupanga kila kitu: mada ni mzunguko wa maji, muda ni nusu saa, na mzee anatakiwa aseme jambo litakaloungana na ukurasa wa kitabu. Mzee aliyevua samaki maisha yake yote katika mto ambao kiwanda kiliuchafua anaweza kuwa na mambo mazito ya kusema kuhusu maji, nayo hayatatoshea katika mshale wa mvuke kupanda na mvua kushuka.

Njia hii huimarika sana pale kiongozi anapomtembelea mzee kwanza, bila watoto na bila mada, akamwuliza ni jambo gani angependa watoto wa siku hizi walijue. Wakati mwingine jibu litakuwa la mimea, wakati mwingine litakuwa la shamba lililopotea. Yote mawili ni elimu ya mazingira. Watoto nao wafundishwe namna ya kusalimia: miongoni mwa Weusi wa kusini ni desturi kumwita mama mtu mzima kwa jina lake la kwanza likitanguliwa na "Miss", na mtoto wetu aliyezoea shikamoo hatapata shida kuelewa kwa nini jina tupu ni utovu wa adabu.

Kwenda mahali penye historia ya wazee

Turudi American Beach, kwa sababu mahali pale panaonyesha kile ambacho darasa haliwezi kukitoa. MaVynee Betsch, kitukuu wa yule Lewis aliyeuanzisha ufuo, alikuwa mwimbaji wa opera aliyefanya kazi Ulaya. Alirudi nyumbani, akagawa mali yake kwa ajili ya uhifadhi, akaishi ufuoni pale akiwatembeza wageni na kuwasimulia. Palikuwa na kilima kikubwa cha mchanga alichokiita NaNa, na alikipigania kisimezwe na majengo ya anasa yaliyokuwa yakisogea kutoka pande zote mbili, hata mwaka 2004 kikawekwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Alifariki mwaka uliofuata.

Mtoto anayesimama chini ya kilima kile hupata masomo mawili ambayo hayatengani. Anaona jinsi nyasi ndefu za ufuoni zinavyoshika mchanga kwa mizizi yake, hivi kwamba sheria ya Florida inakataza kuzing'oa, na anasikia kwamba ufuo wenyewe ulikuwapo kwa sababu watu walinyimwa fukwe nyingine. Ikolojia na historia hukaa katika mchanga uleule. Kituo cha kawaida cha mazingira kingemfundisha nusu ya kwanza, na makumbusho ya kawaida nusu ya pili.

Udhaifu wa njia hii ni dhahiri: safari ni ghali, na mzee aliyepafanya mahali pawe na maana anaweza kuwa hayupo tena, ama kwa kustaafu ama kwa kufariki, kwa hiyo utakaowakuta ni wahifadhi vijana wanaosimulia kwa niaba yake. Wengine hufanya hivyo kwa uaminifu mkubwa, wengine husoma bango. Kabla ya kukodi basi, piga simu uulize ni nani atakayewatembeza watoto na amejifunza kutoka kwa nani. Ikiwa safari ya mbali haiwezekani, tafuta mahali pa karibu: kanisa la zamani la Weusi lenye makaburi yenye miti mikubwa, gati la wavuvi, au kijito kilichotumika kwa ubatizo. Kuna pia Outdoor Afro, shirika lililoanzishwa na Rue Mapp huko Oakland mwaka 2009, ambalo viongozi wake wa kujitolea huwatoa Weusi kwenda matembezini katika miji mingi. Si mpango wa wazee hasa, ila ni mlango mzuri kwa wazazi wenyewe ambao hawajawahi kukanyaga hifadhi yoyote, na mzazi aliyezoea njia za msituni humkubalia mtoto wake kwa wepesi zaidi.

Kujifunza kazi ya mikono

Kama ningelazimika kuchagua njia moja tu kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, ningechagua hii. Katika kazi ya mikono mzee ndiye fundi, na fundi hapangiwi somo na mgeni.

Mfano ulio karibu sana na msomaji wa Kiswahili ni Wagullah Geechee, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya mpunga na pamba ya pwani na visiwa kuanzia North Carolina hadi kaskazini ya Florida. Mababu zao walitoka Afrika Magharibi na vilevile pande za Kongo na Angola. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliitambua pwani hiyo kuwa ukanda wa urithi wao. Katika mji wa Mount Pleasant, South Carolina, wanawake huuza vikapu vyao kwenye vibanda kando ya barabara kuu, na miongoni mwa vyombo vya kale vya ususi huo umo ungo mpana wa kupepetea mpunga. Mtoto wa Kirundi au wa Kizigua akiuona, hahitaji mkalimani. Nyumbani kwao kuna bibi anayejua namna ya kuurusha mchele ili makapi yapeperuke.

Kikapu huanza na fundo dogo katikati. Msusi hushika fungu jembamba la nyasi, akalizungusha kulizunguka fundo, akatoboa kwa kipini cha kijiko kilichotupwa sehemu ya kuchotea na kunolewa ncha, kisha akapitisha ukindu uliochanwa kutoka jani la palmetto, mti wa jamii ya mitende unaoota pwani ile. Kila mara huongeza nyasi chache ili mzunguko usipungue unene. Mtoto hukosea hapo hasa: husahau kuongeza, mzunguko ukakonda, na bibi humwambia afumue. Kufumua huko ni nusu ya somo.

Nusu nyingine ni nyasi zenyewe. Hizo huvutwa kwa mkono badala ya kukatwa, ili mizizi ibaki na shina lichipue tena, na huota nyuma ya vilima vya mchanga na pembeni mwa mabwawa ya chumvi. Maeneo mengi ya namna hiyo sasa yamezungushiwa uzio na kugeuzwa makazi ya matajiri na viwanja vya gofu, kwa hiyo msusi hulazimika kuomba ruhusa au kusafiri mbali kutafuta malighafi ambayo mama yake aliichuma nyuma ya nyumba. Ardhi nyingi ya Wagullah ilirithiwa na ukoo mzima bila hati ya mtu mmoja, na udhaifu huo wa kisheria umewapotezea wengi mashamba yao. Mtoto aliyeshika kipini cha kijiko kwa saa mbili atauliza mwenyewe kwa nini nyasi zimeadimika, na swali hilo lina uzito kuliko lile ambalo mwalimu angelitunga.

Karibu na mfano huu naweka mwingine unaofanana nao kwa mbali, kwa sababu viongozi wengi huvutiwa nao bila kutazama tofauti. Kando ya mto Klamath, kaskazini ya California, Wayurok na Wakaruk, makabila mawili ya Wenyeji Asilia, wamechoma misitu yao kwa utaratibu tangu zamani. Moto mdogo unaopita chini ya miti huua wadudu wanaoharibu mbegu za mialoni, hupunguza kuni kavu zinazolisha moto mkubwa, na huufanya mti wa hazel utoe fito ndefu zilizonyooka ambazo wasusi wa vikapu huzihitaji. Sheria ya California ya mwaka 1850 ilifanya uchomaji wa mbuga kuwa kosa la kuadhibiwa, na tangu mwaka 1944 watoto wa Marekani wamefundishwa na dubu wa matangazo aitwaye Smokey kwamba kila moto wa msituni ni adui. Wazee walioendelea kuamini kinyume chake ndio ambao sasa wataalamu wa misitu huwafuata kutaka mafunzo, na mwaka 2021 jimbo hilo lilibadili sheria ili kuwapunguzia hatari ya kudaiwa gharama za kuzima moto wale wanaochoma kwa uangalifu, wakiwemo wachomaji wa kimila.

Hata hivyo, moto si kikapu. Kikapu kimezoea kuuzwa barabarani, na wasusi wengi hufundisha hadharani kwa malipo. Moto ni mamlaka ya watu fulani juu ya nchi yao, na wao ndio wanaoamua nani awepo, nani apige picha na lipi lisisemwe mbele ya wageni. Kikundi cha watoto wa miaka minane hakina kazi pale. Kwa vijana wa sekondari ambao wamealikwa rasmi, somo lake halina mfano. Kwa ambao hawajaalikwa, jambo la heshima ni kungoja.

Wazee wetu bustanini

Njia ya nne ndiyo inayosahauliwa, pengine kwa sababu viongozi wetu wamekubali kwamba elimu ya mazingira ya Marekani lazima itoke kwa Mmarekani. Mpango wa New Roots wa shirika la International Rescue Committee umewapatia wakimbizi vipande vya kulima katika miji kadhaa, na ule wa San Diego ulitembelewa na Michelle Obama mwaka 2010. Katika jimbo la Maine, jumuiya ya Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao ni Wazigua wanaosema Kizigua hadi leo, hulima kwa pamoja mahindi na mboga katika shamba waliloliita Liberation Farms. Wazee wa huko walilima bondeni mwa mto Juba, na sasa wanaisoma upya nchi yenye theluji.

Mama wa Kikongo aliyepata kipande cha bustani huko Kentucky au Texas atamwonyesha mjukuu wake lengalenga, ambalo sisi wa pwani tunaliita mchicha, likiota lenyewe pembeni mwa njia. Jirani Mmarekani analing'oa kama gugu. Mama atachuma majani machanga ya juu, atayaacha magumu, na atamkataza mtoto kuchuma mahali palipopulizwa dawa ya kuua magugu, jambo ambalo wageni wengi hulijua kwa kuchelewa. Hapohapo mtoto huelewa kwa nini sombe, yaani majani ya muhogo, huja dukani likiwa limegandishwa: muhogo hauvumilii baridi kali ya huku, na shina lililoachwa ardhini wakati wa baridi huoza. Hilo ni somo la tabianchi lenye ladha ya chakula cha jioni.

Gharama ya njia hii ni ndogo, lugha si kizuizi, na mamlaka ya mzee haina shaka kwa kuwa ni bibi wa mtoto au ni jirani wa bibi. Upungufu wake ni kwamba mtoto anaweza kukua akijua mchicha na nyanya chungu vizuri, lakini asijue lolote kuhusu Weusi waliokuwapo katika nchi hii kwa karne nyingi kabla yake, wala Wenyeji Asilia ambao bustani yenyewe imo katika ardhi yao. Upo pia uhasama wa kimyakimya kati ya wahamiaji na Wamarekani Weusi ambao bustani peke yake haiutibu. Dawa yake ni kukutanisha wazee kwa wazee: mama wa Kikongo na mama wa Alabama, kila mmoja na mboga zake na namna yake ya kuzipika, huku watoto wakiwahudumia na kusikiliza.

Mahojiano ya zamani yaliyoandikwa

Haya siyaiti njia ya tano, ila hufaa pale wazee hai hawapatikani. Kati ya mwaka 1936 na 1938, mradi wa serikali uliwahoji watu waliokuwa wamezaliwa utumwani, na mahojiano hayo yanapatikana bure katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ndani yake mna habari za dawa za mitishamba, uwindaji na kilimo. Yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu wahojaji wengi walikuwa Wazungu wa kusini, na mzee aliyekuwa akitegemea msaada katika miaka ile ya dhiki hakumwambia Mzungu mlangoni pake kila alichokijua. Vijana wa sekondari wakipewa kurasa chache na kuulizwa mzee anakwepa wapi, watajifunza mengi kuhusu nani anauliza na nani anajibu.

Uchaguzi kwa hali yako

Kwa kikundi cha watoto wadogo kisicho na fedha, anza bustanini na wazee wenu, kisha mwalike mzee wa Kimarekani Mweusi mmoja au wawili baada ya kuwatembelea nyumbani. Kwa kikundi kilichoko South Carolina, Georgia au kaskazini ya Florida, darasa la ususi lina thamani kuliko safari mbili za kituo cha mazingira, na likiunganishwa na siku moja ya American Beach, watoto watakuwa wamepata kilicho bora katika njia mbili. Vijana wa sekondari waanze na mahali pa historia, kwa kuwa wao ndio wenye umri wa kuuliza kwa nini hifadhi zimejaa watu wa rangi moja. Njia ya moto ifuatwe tu palipo na mwaliko.

Malipo yasiachwe mpaka siku ya mwisho. Mzee anayefundisha ni mtaalamu, na fulana yenye nembo ya kikundi si ujira. Shule nyingi humtaka ajaze fomu ya kodi kabla ya kulipwa, na baadhi ya wilaya hudai alama za vidole kwa kila mtu mzima anayekaa na watoto, mambo yanayoweza kumtisha mtu ambaye serikali haikumtendea mema. Mweleze mapema na umsaidie kuzijaza. Mwulize pia kama anapokea msaada unaopimwa kwa kipato, kama ule wa SSI ambao serikali huwapa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo, kwa sababu malipo yanaweza kuupunguza msaada huo. Wapo watakaopendelea kiasi kidogo, au mchango kwa kanisa lao, au kuletewa mbegu na kusaidiwa kulima. Na kama mzee atasema hataki kurekodiwa, simu zikusanywe mlangoni kabla hajaketi.